Ruta mpya, kivuko kilekile

Boksi lilikuja na basi la mchana kutoka Dar es Salaam. Nililifuata mwenyewe stendi ya Kange, nikalipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani Ngamiani, sikutaka hata liguse sakafu. Ndani mlikuwa na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti ya nyumbani kwa waifai, ya antena nne, na ubavuni pameandikwa namba kubwa nyekundu: 3000. Nilikuwa nimelipa shilingi 310,000, malipo ya harusi mbili nilizohariri mwezi ule. Sikuona uchungu, maana moyoni sikuwa nanunua ruta. Nilikuwa nanunua mazungumzo ya mama yangu na mdogo wake.

Mama mdogo yuko Muscat tangu mimi niko shule ya msingi. Kule wametutangulia saa moja, kwa hiyo Mama akishaswali isha hachelewi. Hutandika mkeka wake uani, akampigia kwa video apate kumwona sura. Walizaliwa saba, wamebaki wao wawili. Na miezi ile mazungumzo yao yalikuwa mateso. Sura inaganda mdomo wazi. Sauti inakatika, kisha inakuja yote kwa mkupuo, maneno yamepandana. Mama huinuka mkekani, akaizungusha simu huku na huku: "Wanisikia? Wanisikia sasa?" Mwisho hukata na kuniita, "Mwanangu, huu mtandao wako una nini?" Wako, kwa sababu ni mimi niliyeuingiza nyumbani kwa ajili ya kazi.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Wapigapicha wa Tanga, Muheza na Korogwe hunipa picha ghafi, nakata, naunganisha, nasafisha sauti, narudisha. Kurudisha ndiko kuzito. Harusi iliyokamilika hainitokei chini ya gigabaiti 6, na kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde kupakua, yaani kuvuta, na 5 tu kupakia, yaani kutuma. Kinaingia kwa dishi dogo lililofungwa juu ya paa likitazamana na mnara. Naomba msomaji azishike namba hizo mbili, 20 na 5, maana mimi sikuzishika. Nilikuwa nimezisaini kwenye mkataba na kuzisahau.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyepokea aliniuliza ruta yangu ni ya lini. Nikamwambia. "Dada yangu, hiyo ni ya zamani mno. Badilisha ruta, utaona tofauti." Nilimshukuru kwa dhati. Siku iliyofuata nikaagiza.

Jioni ile niliifunga kwa uangalifu, nikaipa jina na nenosiri, alama ya waifai kwenye simu ikajaa mpaka juu. Nikapima kasi. Megabiti 6. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Megabiti 5.8. Ile ya zamani, jana yake saa zilezile, ilikuwa imenipa 6.1. Kisha nikasikia kutoka uani: "Wanisikia? Mbona leo hata sura haiji?" Kule nyuma mambo yalikuwa yamezidi kuharibika.

Sikulala vizuri. Si kwa ajili ya fedha peke yake. Nilikuwa nimemwahidi Mama.

Asubuhi nilimpelekea mzee mmoja wa mtaani redio ya nyumbani aitazame. Ni fundi redio, na ujana wake wote alikuwa akipanda nguzo za simu, enzi za waya mpaka mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona uso umekunjana. Nikamsimulia. Nilitegemea aniulize ruta ni ya chapa gani. Hakuuliza.

"Ulipimia wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Nyumbani wapi? Ulichomeka waya au ulipima hewani? Saa ngapi? Nani mwingine alikuwa anautumia?"

Sikuwa na jibu la kueleweka hata kwa swali moja.

Akakiweka chini chuma chake cha kulehemu. "Binti, ukitoka hapa na gari kwenda Mkwaja, ukifika Pangani unafanyaje?"

"Napanda pantoni."

"Na gari lako likiwa jipya kabisa, limetoka bandarini jana, pantoni itakwenda mbio zaidi?"

Aliyewahi kungoja kile kivuko kati ya Pangani na Bweni atajua jinsi swali lile lilivyonikaa. Unaweza kufika ukingoni mapema kuliko wote, lakini utavushwa kwa mwendo wa kivuko, pamoja na lori la nazi na bodaboda iliyofika kabla yako. Mzee alirudi kwenye kazi yake. Mimi nikarudi nyumbani, nikachukua karatasi na kuichora safari nzima ya picha zangu: simu au kompyuta mpaka ruta, ruta mpaka dishi la juu ya paa, dishi mpaka mnara, mnara mpaka Dar es Salaam, Dar mpaka chini ya bahari, na bahari mpaka huko iendako. Kila kipande kina upana wake. Pembeni ya kila kipande niliandika ninachokijua, na hapo ndipo nilipoona kosa. Kipande cha kwanza, cha waifai, hata kwa ruta ya zamani kilipitisha megabiti 45 nikiwa chumba kimoja nayo. Kivuko changu, yaani kifurushi, ni 20. Nilikuwa nimetumia shilingi 310,000 kupanua barabara ambayo tayari ilikuwa pana mara mbili ya kivuko.

Na ile 3000? Inafaa nieleze, kwa sababu namba hizo zinawauzia watu wengi matumaini. Ruta za namna hii zina redio mbili za kurushia mawimbi, moja ya masafa ya gigahezi 2.4 na nyingine ya gigahezi 5. Ya kwanza, kwa hesabu ya kiwandani, inafika megabiti 574 kwa sekunde, na ya pili 2,402. Wamezijumlisha, wakapata 2,976, wakakamilisha 3000. Lakini kwa kawaida simu yako haitumii redio zote mbili kwa pamoja kwenye kizazi hiki cha waifai. Hiyo 2,402 yenyewe inataka njia pana ya masafa ambayo simu nyingi hazina. Nyingi huishia kwenye nusu yake. Halafu hiyo nusu ni mwendo wa redio hewani, ukiwa na salamu zake, marudio yake na kupishana na waifai za majirani. Kinachobaki kwa mafaili yako hupungua sana. Hakuna popote kwenye namba ile panapotajwa intaneti. Namba ile inaishia ukutani kwako.

Vivyo hivyo ile alama ya simu inayojaa. Inakuambia simu inaisikia ruta vizuri, basi. Nililielewa hili nilipoikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, siku mikongo miwili ya chini ya bahari ilipopata hitilafu upande wa Afrika Kusini, Tanzania na majirani zake wakabaki wanahangaika. Siku ile nilizima na kuwasha ruta mchana kutwa, na mchana kutwa alama ilikuwa imejaa. Kilichokatika kilikuwa mbali mno na sebule yangu. Tangu mkongo wa kwanza wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwingine ukafuata 2010, sehemu kubwa ya mazungumzo yetu na ulimwengu hupita sakafuni mwa bahari. Sisi watu wa Tanga tuliolelewa na mkonge tumekuja kuutegemea mkongo.

Nikaamua kupima kama mzee alivyoniuliza. Nilinunua kipande cha kebo, nikachomeka kompyuta moja kwa moja kwenye kile kiboksi cheusi kinacholipa dishi umeme, bila ruta yoyote kati. Kwa wiki mbili nilipima mara tatu kwa siku: saa kumi alfajiri kabla ya adhana, saa saba mchana, na saa tatu usiku. Niliandika kwenye daftari la mistari, tarehe, saa, kupakua, kupakia, na pingi. Pingi ni ule mwito mdogo ambao kompyuta hutuma kwa mashine ya mbali na kuhesabu umechukua muda gani kwenda na kurudi. Nilikuwa naituma Dar es Salaam, mia moja kwa mpigo.

Daftari lilisema mambo matatu, na hakuna hata moja linaloihusu ruta.

La kwanza, alfajiri nilipata megabiti 19, mchana 13, na usiku 5 au 6. Waya uleule, kompyuta ileile. Ikiwa alfajiri kasi inakuja yote, basi vifaa vyangu vinaweza kuipitisha. Usiku ndipo mtaa mzima umerudi nyumbani, kila mtu na tamthilia yake na mpira wake, na wote tumeelekeza madishi kwenye mnara mmoja.

La pili, kati ya pingi mia moja, saba au nane hazikurudi. Hili nililirudisha kwa mzee, akanyoosha kidole juu ya paa bila kusema neno. Nilimwomba kijana wa jirani apande. Alishuka na kichwa cha kebo mkononi, vile vipande vidogo vya shaba vimeota kutu ya kijani. Upepo wetu una chumvi. Mabati unayala, nondo unazila, na kichwa cha kebo kisichofunikwa vizuri hakiwezi kusalimika. Kebo hiyo ilikuwa na miaka mitano juani. Kijana alikata, akafunga kichwa kipya, akakizungushia mpira usiopitisha maji. Kichwa, mpira na ujira wake, jumla shilingi 12,000. Tangu siku ile pingi zote mia moja zinarudi, mara chache inapotea moja, na kasi ya mchana ilipanda mpaka 17.

Nilishangaa kwamba kupotea kwa pakiti saba katika mia, yaani vile vipande vidogo ambavyo kila kitu hukatwa ili kisafiri mtandaoni, kunaweza kula kasi kiasi hicho, nikasoma sababu yake. Kompyuta inayotuma faili haijui njia ina upana gani. Inaanza taratibu, inaongeza, na ikiona pakiti imepotea inachukulia kwamba njia imejaa, inapunguza mwendo ghafla. Adabu hiyo iliwekwa baada ya msiba. Oktoba 1986 huko California, kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, majengo yasiyotengana hata nusu kilomita, ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Kila kompyuta ilikuwa inarudia kutuma kilichopotea, ikizidi kuijaza njia iliyokwisha kujaa. Mtafiti Van Jacobson akaja na kanuni za kuzifundisha kompyuta subira, akazichapisha mwaka 1988, na mpaka leo ndizo zinazotuwezesha kugawana njia moja. Kutu yangu ilikuwa inaidanganya kompyuta kwamba kuna msongamano, nayo ilikuwa inajizuia kwa heshima.

La tatu ndilo lililoniuma, na sitalipitia haraka.

Usiku wa tisa wa vipimo nilikuwa nimeacha pingi ikiendelea kwenye dirisha dogo la kompyuta. Milisekunde 31, 29, 33, 30. Uani namsikia Mama anacheka na mdogo wake, sauti inakuja safi. Nikakumbuka nina harusi ya Muheza sijaituma. Nikabonyeza kupakia. Pingi ikaruka: 240, 700, 1,300, 1,900. Karibu sekunde mbili. Na kabla sijajua natazama nini, nikasikia mkeka unakwaruza na Mama akisema, "Wanisikia? Wanisikia sasa?"

Nikasimamisha upakiaji. Pingi ikashuka, 31, 30. Uani mazungumzo yakaendelea. Nikabonyeza tena. 1,800. "Wanisikia?"

Nilikaa kwenye kiti nikashindwa hata kunyanyuka. Miezi yote ile, aliyekuwa akiwakata wale dada wawili nilikuwa mimi. Harusi moja ya gigabaiti 6, na baiti moja ni biti nane, kwa megabiti 5 kwa sekunde inakula saa 2 na dakika 40, na nilizoea kuianzisha baada ya isha ili ikamilike kabla sijalala. Saa zilezile Mama anazotandika mkeka.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye kila kifaa kinachopokea kwa wingi na kupitisha kwa uchache kuna bafa, mahali pa kungojea, kama ule uwanja wa magari ukingoni mwa mto. Bafa ndogo ni jambo jema. Bila hiyo pakiti zingetupwa ovyo. Lakini watengenezaji, kumbukumbu ilipokuwa rahisi, walizipanua mno wakidhani wanatusaidia. Kompyuta yangu ikituma harusi haioni pakiti yoyote ikipotea, kwa hiyo haijizuii, inazidi kumwaga malori uwanjani. Sauti ya Mama ni pakiti ndogo, bodaboda yenye mtu mmoja. Inafika ukingoni inakuta malori mamia kwa mamia mbele yake, nayo haina ruhusa ya kupita pembeni. Inangoja sekunde mbili. Ikifika Muscat imeshapitwa na wakati wake, simu inaitupa au inaitoa pamoja na nyingine. Ndiyo ile sauti iliyokuwa inakuja kwa mkupuo.

Mmarekani Jim Gettys aliliona jambo hilihili nyumbani kwake mwaka 2010, naye alikuwa anatuma mafaili makubwa. Mhandisi wa miaka mingi, na intaneti ya nyumbani ilimshinda kama ilivyonishinda mimi. Nilifarijika kulisoma hilo. Akalipa tatizo jina lenye maana ya kuvimba kwa bafa, akalipigia kelele mpaka watu wakasikia. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yuleyule wa 1988, wakatoa njia ya kuisimamia foleni kwa kutazama pakiti imengoja muda gani, badala ya kutazama foleni ina urefu gani. Wengine wakaongeza mpango wa kutenganisha kila mazungumzo na foleni yake, ili malori yasiizibe bodaboda.

Tiba ya kwanza haikunigharimu hata senti. Programu ninayopakilia ina sehemu ya kuwekea kikomo. Nikaandika megabiti 4 badala ya kuiacha ichukue zote 5. Harusi sasa inachukua saa 3 na dakika 20, nimeongezewa dakika 40. Lakini foleni haijengeki tena, kwa sababu nabakiza nafasi kidogo. Pingi ilikaa kwenye 50 mpaka 60. Usiku ule nilienda kukaa uani karibu na Mama, sikumwambia kitu, harusi inapanda huko ndani. Mama mdogo alikuwa anaipitisha simu kwenye sufuria moja baada ya nyingine, anaonyesha alichowapikia wajukuu, na Mama anamsahihisha tui. Walizungumza saa nzima na dakika zake. Mama hakuinuka mkekani.

Tiba ya pili ilikuja wiki mbili baadaye, maana kikomo cha programu kinanihusu mimi peke yangu. Mdogo wangu akipakia video zake, balaa linarudi. Niliitafuta kwenye mipangilio ya ruta mpya sehemu ya kuisimamia foleni. Ilikuwepo sehemu ya kupanga vipaumbele, lakini haikushusha pingi hata nilipoijaribu usiku tatu. Ruta ya zamani, iliyokuwa imelala juu ya kabati na vumbi lake, ilikuwa kwenye orodha ya zile zinazokubali OpenWrt, mfumo wa bure wa kuendeshea ruta ulioanza mwaka 2004. Nilitumia Jumamosi nzima. Anayetaka kujaribu ahakikishe kwanza namba kamili ya toleo lake, herufi kwa herufi, kwa sababu mfumo usio wake unaweza kuiua ruta moja kwa moja. Yangu ilikubali. Nikaiwekea usimamizi wa foleni, nikaandika kikomo kidogo chini ya kile anachotoa mtoa huduma, ili foleni ijengeke kwangu ninapoweza kuitawala na si juu ya paa nisikofika. Kazi hiyo inataka nguvu ya prosesa, na kwa mtu mwenye megabiti mia kadhaa ruta nzee ingeelemewa. Kwa megabiti zetu 20 inajitosheleza. Sasa nyumba nzima ikipakia, pingi haivuki 45.

Kilichobaki ni ule usiku wa megabiti 5 na 6, ambao baada ya kutengeneza kichwa cha kebo ulikuwa umefika 8 na kugoma hapo. Safari hii nilipopiga simu huduma kwa wateja nilikuwa na daftari mkononi. Nikamsomea dada aliyepokea tarehe, saa, na kwamba nimepima kwa waya bila ruta. Hakuniambia nibadilishe kitu. Aliniomba nimtumie picha za kurasa. Baada ya siku sita walikuja mafundi wawili, wakaligeuzia dishi antena nyingine ya mnara yenye wateja wachache. Usiku tunapata 14, mara nyingine 15. Si 20 tunazozilipia, na bado nawakumbusha kila mwezi.

Kuhusu uani, jambo lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nyumba yetu ni ya kale ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Ruta nilikuwa nimeiweka chumba cha mbele kwenye dawati langu. Masafa ya gigahezi 5 huchoka haraka yakikutana na kuta, kuliko yale ya 2.4, na ruta mpya ilikuwa inaing'ang'aniza simu ya Mama kwenye yale ya 5. Ndiyo maana siku ya kwanza hali iliharibika zaidi. Niliivuta kebo mpaka mwisho wa ukumbi, nikaitundika ruta ya zamani juu ya mlango wa uani. Imetosha.

Sisemi vifaa havina maana, na ningekuwa nawadanganya watu wangu nikisema hivyo. Mwenye faiba ya megabiti 200 na ruta ambayo tundu zake zinaishia 100, huyo anaibana faiba yake mwenyewe. Kebo yenye nyaya nane ikikatika moja, mara nyingi hushuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100 bila kukuambia. Nimeliona pia kwa jirani yetu, mama wa watoto wanne, aliyekuja baraza ya mbele na fedha zake zimefungwa kwenye khanga, anataka nimwagizie "ile ya antena nne" kwa sababu mwanawe wa chuo hawezi kufuata masomo yake ya mtandaoni.

"Shangazi, tusubiri kidogo," nikamwambia. "Twende kwanza nikapime."

Nilikwenda na kompyuta, kebo na daftari. Kwa waya, saa tatu usiku, megabiti 38 katika kifurushi cha 40. Pingi mia, zimerudi mia. Sebuleni hewani, 35. Kisha nikaingia chumba cha kijana, nyuma kabisa, na kati yake na sebule kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wa tangu enzi za babu yao, unene wake unazidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Hapo nilipata megabiti 2. Mara ya pili haikuunganisha kabisa.

Basi yeye ndiye aliyekuwa na haja nayo. Tulivuta kebo ya mita 18 juu ya boriti za ukumbi, kijana akishika ngazi, na ruta yangu ya antena nne tukaifunga mlemle chumbani mwake, upande wa ndani wa ule ukuta. Nilimwachia kwa shilingi 200,000, anilipe kwa miezi miwili. Kijana akapima mwenyewe, akaniita nije nione: 36. Akaniuliza kalamu iko wapi, akaiandika kwenye daftari langu pamoja na saa.